Kwatabeki wa 42: Shabiki wa Busia aeleza jinsi klabu inavyonunua belo bila kulifungua

Na Mwandishi Wetu, Busia

KLABU ya Cleveland Browns ya Marekani ilipoingia uwanjani Jumapili, Novemba 23, kucheza na Las Vegas Raiders, ilikuwa inamwanzisha kwatabeki wake wa 42 tangu mwaka 1999. Arobaini na wawili, kwa nafasi moja. Ukitaka kujua hesabu hiyo ni nzito kiasi gani, waangalie Green Bay Packers, ambao mtu wao mmoja, Brett Favre, alianza kila mechi ya msimu kuanzia Septemba 1992 hadi mwisho wa msimu wa 2007.

Hapa Busia, upande wa Kenya, yupo mfanyabiashara wa mitumba anayeweza kukutajia wengi wa hao 42 kwa mpangilio, kama mtu anavyotaja vituo vya matatu kutoka hapa hadi Kisumu. Aliishi mjini Cleveland, jimbo la Ohio, kuanzia 2003 hadi 2009, akipakia mizigo kwenye ghala. Alirudi na akiba ya kuanzia biashara, kifua kinachochukia baridi, na klabu ambayo haijamlipa furaha yoyote ya maana. Ameomba jina lake lisitajwe. Anasema wateja wake wa Tororo na Mbale wanamtania vya kutosha.

Kwa msomaji ambaye futiboli ya Kimarekani anaiona tu kwenye fulana za mitumba, maelezo mafupi yatasaidia. Timu mbili, watu 11 kila upande. Wanaoshambulia hupewa nafasi nne za kusogeza mpira yadi 10. Wakifaulu wanapewa nafasi nne nyingine, wakishindwa mpira unakwenda kwa wenzao. Karibu kila nafasi inapoanza, mpira unafika kwanza mkononi mwa kwatabeki. Yeye ndiye anayeamua, ndani ya sekunde mbili tatu, kama atampa mwenzake akimbie nao, atarusha pasi, au atakimbia mwenyewe kabla jitu la kilo 120 halijamlaza chini. Kocha huzungumza naye kwa redio iliyofichwa ndani ya kofia, na redio hiyo hukatika zikiwa zimebaki sekunde 15 za muda wa kuanza mchezo. Baada ya hapo yuko peke yake. Katika soka yetu hakuna mtu wa namna hiyo. Changanya golikipa, namba kumi na nahodha, halafu umpe lawama za kocha.

Shabiki wetu ana mfano wake mwingine. Kwatabeki, anasema, ni dereva wa lori la masafa marefu. Tajiri anaweza kuwa na lori jipya, mzigo mzuri na karatasi zote za forodha, lakini akimkabidhi usukani mtu asiyejua mteremko, ndani ya saa moja hana lori, hana mzigo, na karatasi hazimsaidii kitu.

Ilivyoanza

Browns hawakuwa wabovu siku zote, na mzee huyu hukasirika ukidhani hivyo. Klabu ilianza kucheza 1946 na ikapewa jina la kocha wake wa kwanza, Paul Brown. Kwatabeki wake alikuwa Otto Graham. Graham alicheza misimu 10 na katika yote 10 timu ilifika mchezo wa kugombea ubingwa. Wakachukua mataji saba, manne katika ligi yao ya awali na matatu baada ya kuhamia NFL. Taji la mwisho la klabu lilikuja 1964, Graham akiwa ameshastaafu muda mrefu. Fainali kubwa ya sasa, Super Bowl, Browns hawajawahi kuicheza hata mara moja.

Wafanyabiashara wa mitumba wanalielewa jambo hilo kwa njia yao. Kabla ya Super Bowl, fulana za ubingwa hutengenezwa kwa timu zote mbili, ili mshindi azivae dakika ileile. Za aliyeshindwa haziuzwi Marekani. Kwa miaka mingi zilikuwa zikitolewa kwa mashirika ya misaada na kupelekwa nchi za mbali, nyingine zikaishia Afrika. Ndiyo maana kuna watu wanaotembea sokoni wakiwa wamevaa ubingwa ambao haukutokea. Mwenyeji wangu anasema amezipokea za timu kadhaa. Za Browns hajaziona, wala hataziona kwa hali ilivyo, maana hata kushindwa fainali kunahitaji kwanza uifikie.

Baada ya msimu wa 1995, mmiliki wa wakati huo, Art Modell, aliihamishia timu Baltimore. Mji ukapigana mpaka ukabaki na jina, rangi na kumbukumbu, na mwaka 1999 Browns wakarudi kama timu mpya yenye jina la zamani. Mchezo wa kwanza walifungwa 43-0 na majirani zao Pittsburgh Steelers. Kwatabeki aliyeanza siku hiyo, Ty Detmer, ndiye namba moja katika orodha ya 42. Wa pili alikuwa Tim Couch, kijana aliyechaguliwa wa kwanza kabisa kati ya wachezaji wote waliotoka vyuoni mwaka huo.

Hapo inafaa tueleze utaratibu wa uchaguzi huo, kwa sababu shabiki wetu anaamini ugonjwa wote umelala humo. Kila mwaka klabu 32 hupeana zamu za kuchagua wachezaji wanaotoka vyuo vikuu. Aliyefanya vibaya zaidi msimu uliopita huanza, bingwa humaliza. Zamu hizo ni mali: unaweza kuzibadilisha, kuziuza, kuziahidi za miaka inayokuja. Kuna soko zima juu yake, lenye bei, madalali na walaghai.

Mzee anasema ni sawa kabisa na kununua belo. Kilo 45 zimefungwa kwa nailoni na waya, lebo imeandikwa daraja la kwanza, muuzaji anaapa kwa mama yake. Unalipa kwanza, unafungua baadaye. Ndani unaweza kukuta kamera, zile nguo safi ambazo wateja wanagombania kabla hujazipanga, au ukakuta fagia tupu. Tofauti ni kwamba yeye akipata fagia leo, kesho hubadilisha muuzaji. Browns hubadilisha kwatabeki na kubaki na muuzaji yuleyule.

Ushahidi wake? Namba 22. Mwaka 2007 Browns walimchagua kwatabeki Brady Quinn katika zamu ya 22. Mwaka 2012 wakamchukua Brandon Weeden, zamu ya 22, akiwa na miaka 28, umri ambao wenzake wengi wameshacheza misimu sita. Mwaka 2014 wakamchukua Johnny Manziel, kijana wa makeke na starehe, zamu ya 22 tena. Hakuna hata mmoja aliyedumu. Mzee hakuamini uchawi kabla ya hapo, na anasema hata sasa haamini, ila mkewe amemkataza kununua mabelo 22 kwa mkupuo.

Alikuwapo mjini Cleveland mwaka ule wa 2007. Mchezo wa kwanza wa msimu alianzishwa Charlie Frye dhidi ya Steelers. Frye akaangushwa mara kadhaa, akatolewa kabla ya mapumziko, na siku mbili baadaye akauzwa Seattle. Kwatabeki aliyeanza msimu Jumapili, Jumanne si mchezaji wenu! Ghalani, anakumbuka, watu walicheka mpaka msimamizi akaja kuuliza kuna nini. Aliyechukua nafasi, Derek Anderson, aliongoza timu kushinda michezo 10 kati ya 16, wakakosa hatua ya mtoano kwa tofauti ndogo tu. Mwaka uliofuata kila kitu kikaporomoka.

Mjini humo kulikuwa na fulana ya Tim Couch iliyotundikwa kwenye dirisha la ofisi moja. Chini ya jina la Couch mtu alibandika kipande cha utepe chenye jina la kwatabeki aliyefuata, kisha aliyefuata, mpaka majina yakateremka mgongo mzima kama orodha ya wadeni. Nimeiona picha yake. Inachekesha kwa nusu dakika, baada ya hapo inasikitisha.

Dola milioni 230

Mwaka 2017 Browns walipoteza michezo yote 16. Kwa kufanya vibaya kuliko wote wakapata zamu ya kwanza ya 2018, wakamchagua Baker Mayfield. Septemba 20 mwaka huo kwatabeki aliyekuwa mbele yake aliumia dhidi ya New York Jets, Mayfield akaingia, na timu ikashinda 21-17 baada ya michezo 19 bila ushindi. Kufikia Januari 2021 aliwapeleka hatua ya mtoano na kuwafunga Steelers 48-37, ushindi wa kwanza wa Browns katika hatua hiyo tangu msimu wa 1994. Mzee alikuwa tayari amerudi Busia. Anasema alipiga kelele usiku wa manane mpaka jirani akadhani ameingiliwa na wezi.

Msimu uliofuata Mayfield aliumia bega la kushoto, akaendelea kucheza akiwa mgonjwa, akacheza vibaya. Klabu ikakosa subira.

Machi 2022 Browns wakafanya ununuzi ambao shabiki huyu hataki kuuzungumzia, na ambao aliuzungumzia kwa saa nzima. Walimchukua Deshaun Watson kutoka Houston Texans. Kwanza, waliwapa Texans zamu zao za raundi ya kwanza za miaka mitatu mfululizo, 2022, 2023 na 2024, pamoja na nyingine za chini. Pili, walimpa Watson mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 230, zote zikiwa na dhamana. Aumie, asiumie; acheze, asicheze; fedha ni zake. Mkataba mkubwa namna hiyo wenye dhamana kamili haukuwahi kuonekana katika ligi hiyo.

Tatu, wakati huo zaidi ya wanawake 20 walikuwa wamemfungulia Watson kesi za madai wakimtuhumu kwa udhalilishaji wa kingono wakati wa huduma za kukandwa mwili. Yeye alikana, na majopo ya mahakama huko Texas hayakumfungulia mashtaka ya jinai. Kesi nyingi zilimalizwa kwa makubaliano. Ligi ilimfungia michezo 11 na kumtoza faini ya dola milioni 5.

Hapa mzee aliacha mifano ya mabelo. Ana mabinti watatu. Mkubwa wao, anayesoma uuguzi, alimuuliza kwa simu kama ataendelea kuishangilia timu hiyo, na baba mtu hakuwa na jibu. Msimu wa 2022 hakuutazama. Anasema watu wa sokoni walidhani amekasirishwa na bei, na yeye akawaacha wadhani hivyo. Fulana za Watson, namba 4, zilipoanza kufika ndani ya mabelo alizitenga, na mpaka leo anazikata matambara ya kufutia mashine za wateja wake mafundi. Nilimuuliza kama hiyo si hasara. Akasema hasara ni kitu unachokiandika daftarini na kukimaliza. Kuna vitu havina mstari wake daftarini.

Kimchezo pia ununuzi ulibuma. Ndani ya misimu mitatu, 2022 hadi 2024, Watson alianza michezo 19 tu. Alifungiwa, akaumia bega, kisha Oktoba 2024 akakatika mshipa wa kisigino, na Januari 2025 ukakatika tena. Mwezi Machi 2025 mmiliki wa klabu, Jimmy Haslam, alikiri hadharani kwamba walijaribu na wakakosa vibaya. Mayfield, yule waliyemtoa, amegeuka kuwa kwatabeki wa kutegemewa huko Tampa Bay.

Wasomaji wetu wanaoagiza mizigo nje watatambua kilichowakuta. Ligi hiyo ina kikomo cha mishahara. Mwaka 2025 kikomo hicho kilikuwa dola milioni 279.2 kwa kila klabu. Fedha uliyoiahidi kwa mtu mmoja mgonjwa ni fedha ambayo huna ya kununulia walinzi wa kumkinga mwingine. Na Browns, ili wapumue, wamekuwa wakibadilisha mshahara wa Watson kuwa malipo yanayosambazwa kwenye hesabu za miaka ya mbele. Ni mtu anayekopa kwa Petero kumlipa Yohana. Deni halipungui, linahamia rafu nyingine.

Mzee analijua vizuri jambo hilo. Mwaka uleule wa 2022 yeye mwenyewe alilipa fedha yote mapema kwa msambazaji mmoja, kwa mzigo ambao hakuwa ameuona, kwa sababu wenzake walikuwa wanaugombania na aliogopa kuachwa. Nusu ya mabelo yalikuwa fagia. Alitumia miezi 14 kufidia. Anasema kilichomponza ni kilekile kilichowaponza Browns: klabu nyingine nazo zilikuwa zinamtaka Watson, na mnunuzi akishaona washindani mlangoni, akili yake hutoka kwa dirishani.

Funguo tano, lori moja

Msimu wa 2025 ulikuwa kichekesho kirefu. Browns walimleta Kenny Pickett kwa kubadilishana na Philadelphia. Wakamrudisha Joe Flacco mwenye miaka 40, ambaye mwishoni mwa 2023 waliwahi kumwita akiwa hana timu, akashinda michezo minne kati ya mitano na kuwafikisha hatua ya mtoano, wakafungwa 45-14 na Texans haohao waliowauzia Watson. Kwenye uchaguzi wa Aprili wakamchukua Dillon Gabriel raundi ya tatu, zamu ya 94. Halafu, katika raundi ya tano, zamu ya 144, wakamchukua Shedeur Sanders, mtoto wa gwiji Deion Sanders, ambaye wengi walitarajia achaguliwe siku ya kwanza. Ukimweka na Watson aliyekuwa akijiuguza, hao ni watano.

Pickett aliuzwa kwa Raiders kabla msimu haujaanza. Flacco akaanza michezo minne, akashinda mmoja, akawekwa benchi. Oktoba 5 Gabriel akaanzishwa mjini London dhidi ya Minnesota Vikings. Mchezo ule ulipigwa saa kumi na nusu jioni kwa saa zetu, jambo la nadra, na mzee aliufungia duka mapema. Wakafungwa 21-17. Siku mbili baadaye Flacco akauzwa kwa Cincinnati Bengals, klabu ya jimbo hilohilo na ya kundi hilohilo! Browns waliwapa Bengals Flacco pamoja na zamu ya raundi ya sita, wakapokea zamu ya raundi ya tano. Yaani walimpa mshindani wa mtaani dereva mzoefu na kurudishiwa chenji.

Novemba 16 Gabriel alipata mtikisiko wa kichwa dhidi ya Baltimore Ravens. Sanders akaingia kipindi cha pili. Ilikuwa vibaya: pasi nne tu zilifika kati ya 16 alizorusha, na Browns wakapoteza 23-16. Ikajulikana pia kwamba tangu msimu uanze kijana huyo hakuwa amefanya mazoezi na kikosi cha kwanza. Wiki moja baadaye, akiwa amefanya nao mazoezi kwa mara ya kwanza, alianza dhidi ya Raiders na kushinda 24-10. Kwenye benchi la Raiders alikaa nani? Pickett.

Hapo ndipo Busia ilipogawanyika. Kwa hakika zaidi, maduka mawili ya Busia. Upande wa Uganda, hatua chache baada ya kituo cha pamoja cha forodha, kuna mwanamke kijana anayeuza viatu na jezi, mteja wa mzee kwa miaka mingi. Alianza kumfuatilia Sanders akiwa bado chuoni Colorado, ambako baba yake ndiye kocha. Humwita mzee kwa heshima, baba, na humpinga bila heshima yoyote. Hoja yake ni kwamba klabu ilishaamua mapema. Ilimnunua kijana wa bei ya chini, ikamweka rafu ya juu kabisa asifikiwe, kisha ikalalamika kwamba hauziki. Mtu ambaye hajawahi kurushiana mpira na wenzake unamwingizaje dhidi ya Ravens halafu umhukumu?

Mzee anakubali nusu. Anakubali kwamba Sanders apewe michezo sita iliyobaki, hata Gabriel akipona. Timu ilikuwa imeshinda mitatu na kupoteza minane. Haikuwa na cha kulinda. Belo umeshalinunua, anasema, basi lifungue lote, usichungulie kwenye kona na kulifunga tena. Kinachomuudhi ni kelele za ushindi mmoja. Siku ile walinzi wa Browns, wakiongozwa na Myles Garrett, walimwangusha kwatabeki wa Raiders mara 10. Kwa ulinzi wa namna ile, anadai, hata yeye na magoti yake angeshinda. Pasi 11 zilizofika kati ya 20 ni mwanzo mzuri. Ni mwanzo.

Binti akamjibu kwamba Gabriel alikuwa na ulinzi uleule na Garrett yuleyule. Mzee akaagiza chai.

Nilivyosikiliza pande zote mbili, tofauti yao kubwa ilihusu mwaka uliofuata zaidi ya Sanders. Aprili 2025 Browns walikuwa na zamu ya pili. Waliwapa Jacksonville Jaguars, wakarudi nyuma hadi ya tano, na katika malipo wakapata zamu ya raundi ya kwanza ya Jaguars ya 2026. Kwa hiyo kwa Aprili 2026 walikuwa na zamu mbili za raundi ya kwanza. Binti anataka zitumike kumjengea Sanders: mlinzi wa kumkinga, mkimbiaji wa kudaka pasi zake. Mashabiki wengi wa Cleveland wanataka kwatabeki mwingine mpya.

Mzee hataki kwatabeki. Nilidhani nimesikia vibaya, nikamuuliza tena. Kwa miaka 26, alisema, klabu imekuwa ikifika sokoni na swali lilelile, nani atatuokoa, na kila aliyetajwa ameletwa kwenye nyumba isiyo na paa. Couch alipondwa na walinzi waliomwangukia tangu msimu wake wa kwanza. Frye alipewa robo tatu ya saa. Mayfield alipewa makocha wakuu wanne ndani ya misimu minne. Kwa maoni yake, hata Favre angeletwa Cleveland mwaka 1999, leo jina lake lingekuwa kwenye utepe mgongoni mwa fulana ya Couch. Kwanza watu watano wa mbele wanaomkinga kwatabeki, kocha mmoja aachwe miaka mitano, ndipo utafute dereva, na huyo dereva anaweza kuwa yeyote mwenye akili timamu.

Hoja hiyo ina nguvu, lakini mimi siikubali yote. Bengals, Texans na wengine wamepanda kwa haraka baada ya kupata kwatabeki mmoja sahihi huku paa lao likivuja vilevile. Na Browns wamekuwa na walinzi bora wa mbele katika miaka kadhaa, hasa ule wa 2020, wakatoka na ushindi mmoja wa mtoano. Nilipomwambia hivyo mzee alitikisa kichwa na kuniambia, mwanangu, wewe umesoma.

Jumapili, Novemba 30, 2025, Browns walipangiwa kucheza nyumbani dhidi ya San Francisco 49ers. Kwatabeki wa 49ers ni Brock Purdy, ambaye katika uchaguzi wa 2022 alikuwa wa 262, wa mwisho kabisa, baada ya klabu zote kumpita kwa raundi saba. Mwaka uleule Browns walikuwa wameshalipa dola milioni 230 kwa mwingine. Binti wa upande wa Uganda anautumia mfano wa Purdy kila mara anapotaka kumaliza mjadala.

Mchezo ulipangwa kuanza saa tatu usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Mzee alikuwa amepanga kuufuatilia kwenye simu, duka likiwa limefungwa, kwa sababu Jumatatu alfajiri alikuwa anapokea mzigo kutoka Mombasa na hakutaka kukesha. Binti angeuangalia kwake. Waliwekeana dau la pea moja ya viatu kwa jezi tatu kwamba Sanders angemaliza msimu akiwa bado ndiye anayeanza. Mzee ndiye aliyeweka dau kwamba hangemaliza, ingawa, nilipokuwa naondoka, aliniambia kwa sauti ya chini kwamba angependa sana ashindwe.